Nguo za Assunta kwenye Kamba

Nimeacha kazi. Mkono wangu wa kushoto hautulii tena, na mtu asiyeweza kuingiza ufunguo kwenye kitasa bila kuhangaika hafai kwenye kazi niliyokuwa nafanya. Kazi yenyewe ilikuwa kutunza nyumba za watu wasiokuwepo. Sasa niko Ijuganyondo, Bukoba, nina migomba yangu na mbuzi mmoja mwenye roho mbaya, na wasichana hawaishi kuja kuniuliza, "Shangazi Adelina, huko Ulaya pwani kukoje?" Naandika ili nisiwe nasema yale yale kila Jumapili. Shule niliishia la saba kule Buganguzi, kwa hiyo nukta zisipokaa vizuri mtavumilia. Majina ya wahusika sitayaficha. Wao walipofanya hawakujificha.

Funguo nilianza kuzishika mjini Bukoba, kwenye nyumba ya wageni ya Bi Zuhura, mama mmoja mnene ambaye babu zake walitoka pwani na bado aliwaringia watu kwa hilo. Siku ya kwanza alinikuta nimeingia chumbani na ndoo, naanza kudeki.

"Toka," akasema. "Rudi mlangoni. Simama. Nusa kwanza."

"Ninuse nini, Bi Zuhura?"

"Ukishajua unanusa nini, hutakuwa na haja ya kuniuliza. Chumba kilichofungwa kinakuambia kila kitu, wewe binti wa migombani. Panya, mvujo wa maji, mgeni aliyevuta sigara akakataa. Pua kwanza, ndoo baadaye."

Namheshimu yule mama mpaka leo. Yote aliyonifundisha yalikuwa kweli, ila hakujua kwamba kuna hewa isiyonuka.

Respicius alitokea pale akiwa mgeni. Mtu wa Muleba, viatu vyeupe, simu mbili. Alikuwa ameishi Italia na alikuwa anatafuta wanawake wasafi, wasio na maneno mengi, wa kwenda kutunza nyumba za likizo kwenye mji mdogo ulio kando ya bahari ile ya katikati, Mediterania. "Mji haujaharibika," alisema, na hilo neno alilisema kama padre anavyosema amina. "Hakuna hoteli ndefu. Hakuna kelele. Wazungu wa kaskazini wanauza nyumba zao kwao ili wanunue chumba kimoja tu pale." Jina la mji sitaliandika, si kwa kuogopa, ila sitaki wapate tangazo la bure.

Tulikwenda wawili. Mwenzangu alikuwa Editruda wa Kishanda, mrefu, mcheshi, aliyeacha nyumbani mama yake, Ma Yustina, na mdogo wake Koku ambaye bado alikuwa anabebwa mgongoni. Editruda alikuwa na tabia moja nitakayowaambia sasa ili muikumbuke: akiteremka ngazi, kabla ya kidato cha mwisho alisimama, akapandisha kanga yake na kuikaza, ndipo akamaliza. Kwao hakukuwa na ngazi. Aliogopa kuanguka mbele za watu.

Tulifika mwezi wa nane na mji ulikuwa umejaa. Nyumba nyeupe zimepandana mlimani kama viti vya uwanja wa mpira, bahari chini, watu wanakula samaki mpaka usiku wa manane. Nikasema moyoni, Respicius hakudanganya. Kisha mvua za kwanza zikaja, wageni wakaondoka, na mbao za madirisha zikafungwa nyumba moja baada ya nyingine mpaka uchochoro mzima ukawa umefumba macho. Nilimuuliza Nunzia, mama mzee wa pale aliyekuwa akitufundisha kazi, wenyeji wako wapi. Akanyoosha kidole juu, makaburini. Kisha akakinyoosha kaskazini, kwenye viwanda. Ikawa ndiyo hesabu yote ya watu.

Nunzia ndiye aliyenifanya niwe fundi wa nyumba tupu. Alinifundisha kumwaga maji kwenye kila sinki na kila choo hata kama hakuna aliyekitumia, kwa sababu maji ya bomba la chini yakikauka, uvundo wa mji mzima unapanda na kuingia vyumbani. Magodoro husimamishwa yapumue. Kisosi cha chumvi huwekwa kabatini kinywe unyevu. Kitasa kilicholiwa na chumvi ya bahari hupakwa unga wa penseli, si mafuta. Kila nyumba nilifunga uzi wa rangi yake kwenye ufunguo. Zilipokuwa zinaning'inia ukutani pamoja zilikuwa kama shanga za mganga, Editruda alisema.

Sasa nimtaje wa kwanza. Dalali wa nyumba zile aliitwa Renzo. Mtu wa tabasamu, anabusu mikono ya akina mama. Renzo alikuwa na tatizo moja: wanunuzi walikuja kuangalia nyumba wakati wa baridi, na mji wakati wa baridi ulikuwa umekufa. Mzungu wa kaskazini anataka mji ambao haujaharibika, lakini hataki uwe umekufa. Anataka bibi dirishani na mchuzi unachemka. Basi Renzo akafunga saa za umeme. Jioni ikifika, taa zinawaka zenyewe kwenye nyumba zisizo na mtu, leo hii, kesho ile. Kwenye nyumba moja redio ilikuwa inaanza kuongea yenyewe saa za mchana. Mara ya kwanza nilikuwa nasugua choo pale, mwanaume akakohoa sebuleni na kuanza kusoma taarifa ya habari. Niliruka mpaka nikaangusha ndoo.

Kisha akatuletea nguo. Alitaka kamba za uchochoroni ziwe na nguo zilizoanikwa, kwa sababu wanunuzi wanapenda kuzipiga picha. Lakini nguo za nani? Wenyeji walikuwa wamekufa au wamehama. Renzo alifungua makabati ya marehemu. Kila alipokuja mnunuzi, mimi na Editruda tulilowesha mashati ya waliokufa, tukayaanika, na mgeni alipoondoka tukayaanua. Jua dogo la baridi, bahari inanguruma chini, uchochoro hauna hata paka, na mashati yanapunga mikono.

Mwaka ule alikuwa amekufa bibi mmoja aitwaye Assunta, wa nyumba ya juu kabisa. Mwanawe alikuwa mbali. Alikuja asubuhi, akamzika mama yake kwenye makaburi yao ya ukutani, ambako jeneza linasukumwa kwenye tundu kama mkate kwenye tanuri, na alasiri akaiuza nyumba. Hakuna aliyekesha. Hakuna aliyepika. Renzo akatuletea magauni yake, meusi yote, na harufu ya bibi bado imo.

Editruda aliyashika, akayarudisha kwenye kapu.

"Haya siyaaniki."

"We, yaanike tuondoke, baridi hii," nikamwambia.

"Adelina, matanga hayajaanuliwa. Nguo za marehemu zinatolewaje nje kabla hazijagawiwa? Nani amelia pale? Hata moto haukuwashwa."

"Si ndugu yako."

"Kwani aliyeniambia wewe ni ndugu yangu ni nani? Na bado nakupikia uji."

Nikayaanika mimi. Kwa wasioijua desturi yetu: Mhaya anazikwa kwenye kibanja chake, ndani ya migomba, hatua chache na mlango. Nyumba na kaburi ni kitu kimoja, ndiyo maana hatuuzi kibanja hivi hivi. Na msiba ukiwapo, moto unawaka na watu wanakaa nao, hauachwi ukazimika mpaka matanga yaishe. Kwao Kishanda, Editruda alizoea kila akipita penye makaburi ya wazee kusimama, kuinama kidogo na kuwasalimu. Kwake yeye nyumba ya Assunta ilikuwa nyumba ambayo mwenyewe hajaambiwa kwamba amekufa.

Baada ya siku ile, kila tulipoingia mle aliinama mlangoni, kabla hata hatujafungua madirisha. "Waitu, tumekuja," anasema, kwa lile neno letu la heshima. Mimi nilicheka. Siku moja nikaacha kucheka, kwa sababu tulipokuwa jikoni tulisikia mtu anatembea juu. Huko juu kulikuwa kumefungwa na ufunguo ulikuwa kiunoni mwangu, uzi wa bluu. Hatua za mtu mzito, zinatoka dirishani kwenda kitandani. Tulitazamana.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia tangu wiki iliyopita," akasema, tena kwa upole, kama mtu anayekuambia kuna mgeni sebuleni.

Wanunuzi wa nyumba ile, bwana na bibi kutoka kaskazini, walikuwa wameifikia mara moja tu wakalalamika kwamba kuna tundu ukutani jikoni linapiga mluzi upepo wa bahari ukivuma, na tena linaharibu picha. Tundu lenyewe lilikuwa nyuma ya hita ya gesi. Renzo akamleta mtu na saruji, akaliziba, akatundika juu yake picha ya mashua. Nunzia alimwambia, "Renzo, hilo ni pua ya nyumba." Nilikuwepo, nimelisikia kwa masikio yangu. Renzo akambusu mkono.

Editruda aliamua yeye mwenyewe kumlilia Assunta. Hakuniomba ruhusa. Alichukua magauni meusi, akayakunja, akayaweka juu ya kiti. Moto wa kuni hauwezekani jikoni mle, basi akawasha hita, na akasema haitazimwa mpaka amalize. Madirisha akayafunga na mbao zake ili Renzo asione mwanga. Kila tukimaliza kazi alipanda kule kukaa. Alirudi kichwa kinamgonga, anatapika. Mimi nilikaa naye kidogo tu, nikawa nashuka nayumba kama nimekunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na nyayo za juu zilikuwa zinaongezeka, sasa zinafika mpaka kwenye ngazi.

Nilimpigia Respicius, ambaye alikuwa mji mwingine na pasi zetu za kusafiria alikuwa nazo yeye.

"Editruda anaumwa. Tumpeleke hospitali."

"Kwa karatasi zipi?" akasema. "Wakimwandika tu, mnarudishwa wote wawili. Mpe maji ya moto. Ninyi wanawake wa kijijini mkiona nyumba ya ghorofa mnaumwa kichwa." Akacheka.

Huyo ni wa pili.

Jumapili mchana nilipanda kumwita aje ale. Jua lilikuwa kali, la kudanganya. Kutoka chini mpaka juu sikukutana na mtu, na ile redio ilikuwa inaongea peke yake. Nilifungua mlango. Editruda alikuwa amekaa kwenye kiti cha Assunta, magauni yako mapajani, kichwa kimeegemea ukuta, uso umetulia kama mtu aliyeambiwa habari njema. Hita inawaka kimya. Nilimwita. Juu, mtu alikuwa anatembea. Nikamshika mkono nimvute, na miguu yangu ikaisha, si kuishiwa nguvu, ikaisha kabisa kama si yangu. Nilitambaa kurudi mlangoni. Nilianguka kichwa kikiwa nje kizingitini na mwili ndani. Nunzia ndiye aliyekiona kichwa changu akitoka kanisani. Kama ningeangukia upande wa pili msingekuwa mnasoma hapa.

Hospitalini daktari alinieleza kwa mikono na maneno machache: gesi ikiungua mahali pasipo na tundu inatoa hewa ya sumu isiyonuka wala kuonekana. Inaumiza kichwa, inachanganya akili, inamfanya mtu asikie vitu. Nikamuuliza, "Mbona tulisikia wote wawili, hatua zile zile?" Akaniambia nipumzike. Mkono wangu umetetemeka tangu siku ile, na maneno mengine yananipotea. Nilikaa siku nzima nikitafuta neno kijiko.

Wakaguzi walipokuja, tundu lilikuwa wazi. Limefagiliwa, halina hata vumbi la saruji, na picha ya mashua imehamia sebuleni. Nunzia alimwona Renzo alfajiri akiingia na nyundo. Aliniambia mimi tu, kwenye ngazi za kanisa, kwa sababu mjukuu wake alifanya kazi kwa Renzo. Wakaandika kwamba hita ilikuwa ya zamani na mtumiaji hakufungua dirisha. Mtumiaji. Alikuwa na jina.

Editruda wakamsukuma kwenye tundu la ukutani, safu ya chini, jirani na Assunta. Respicius akampigia Ma Yustina kule Kishanda, akamwambia mwanao alikuwa na ugonjwa wa moyo tangu utotoni, hamkujua tu. Ma Yustina alikuwa ameshamwandalia mwanawe sehemu kwenye kibanja na kupanda mulamula kuizunguka, ule mmea wa mipaka na makaburi. Mulamula umekua. Katikati hakuna kitu.

Mimi niliendelea na kazi. Mtaniuliza kwa nini, nami nitawauliza ningerudi na nini. Nilihamia kwa dalali mwingine, mwanamke, mkali lakini wa haki, na kwenye kila nyumba niliyopewa nilianza na ukuta wa jikoni. Renzo alizeeka vizuri. Nilikuwa nakutana naye sokoni ananunua zabibu, ananisalimu. Nyumba ya Assunta wale wa kaskazini waliiuza kwa wengine, na hao wengine hawakukaa. Watu walisema ni unyevu.

Mkono uliponishinda kabisa nikarudi. Nilidhani nimemalizana na mji ule. Lakini Respicius naye alikuwa amerudi, na mji amekuja nao. Nyuma ya Bukoba, kwenye mteremko unaoangalia ziwa, amejenga nyumba za wageni: nyeupe, zimepandana, madirisha ya bluu, vyungu vya maua. Anaziita za Kimediterania. Kwenye tangazo lake ameandika utulivu usioharibika. Nilisoma nikiwa nimesimama barabarani, nikahisi baridi ya uchochoro ule miguuni, hapa hapa, juani.

Jumapili moja baada ya misa akaja Koku. Yule aliyekuwa mgongoni, sasa mwanamke kamili, mrefu kama dada yake. Alileta ebitoke, ndizi za kupika, na habari kwamba amepata kazi. Nikamuuliza wapi. Akaniambia.

"Koku! Kwa yule?"

"Shangazi, kazi ni kazi. Na nina chumba changu, nyumba ya juu kabisa, karibu na bafu la wageni lenye hita ya gesi, umeme ukikatika maji bado ni ya moto. Na tena..." Akainamisha kichwa, akatabasamu. "Sitaki unicheke."

"Sema."

"Nasikia mtu anatembea ghorofani, mchana, wakati hakuna wageni. Wenzangu wa jikoni wanasema ni dada, amemfuata Respicius mpaka hapa. Wao wanakimbia. Mimi siogopi. Namsalimia, nasema, 'Waitu Editruda, ni mimi.' Kisha nakaa nimsikilize."

"Kichwa kinauma?"

"Kidogo. Umejuaje?"

Nikakiweka chini kikombe changu. "Anatembeaje?"

"Polepole. Anashuka ngazi. Akikaribia kufika chini anasimama kidogo, halafu anamalizia hatua ya mwisho. Kila mara hivyo."

Koku hajawahi kumwona dada yake akishuka ngazi. Kishanda kwao hakuna ngazi mpaka leo. Mimi sikumwambia mtu kamwe habari za kanga ile. Koku, hili unalisoma hapa kwa mara ya kwanza, na utanisamehe kwamba siku ile nilinyamaza, nikakuambia tu ulale kwangu.

Kesho yake asubuhi nilikwenda na tindo na nyundo ndani ya mfuko wa sandarusi. Koku alinifuata nyuma akinisihi nisimharibie kazi. Bafuni ukuta ulikuwa na kioo kikubwa chenye fremu ya bluu. Nikakishusha. Nyuma yake saruji mpya, duara, ukubwa wa sahani.

Nikagonga mara moja, na Respicius akaja mbio kwa mlio wa nyundo, viatu bado vyeupe.

"Adelina! Mama wewe bado hujapona?"

"Nani ameziba hapa?"

"Upepo wa ziwa unapiga mluzi pale, wageni wanalalamika. Na ni ukuta wangu."

"Najua ni wako. Huyu naye ni mdogo wake nani?"

Alimtazama Koku. Ninaamini alikuwa hajajua, kwa sababu wafanyakazi kwake ni mikono tu. Uso wake ulibadilika, akaangalia juu, kwenye ngazi, akasikiliza. Naye alikuwa akisikia. Nikaona kwa macho yangu kwamba naye alikuwa akizisikia nyayo zile siku zote hizo.

"Usizibue," akasema, sauti ndogo. "Tutaita padre."

"Mwite. Mimi nazibua."

Mkono wangu mbaya ulishika tindo na mzuri ukagonga. Niligonga mpaka saruji ikaanguka upande wa pili na upepo wa ziwa ukaingia na kutupiga usoni, baridi, na harufu ya samaki na majani. Nikaifunga valvu ya mtungi wa gesi kwa nguvu zangu zote, nikang'oa mpira. Tukafungua madirisha yote, chini na juu.

Kisha tukasimama, sote watatu, tukasikiliza.

Kimya. Upepo ulipiga mluzi kidogo, basi.

Koku alianza kulia. "Amekwenda," akasema. "Shangazi, umemfukuza."

Daktari yule wa kule angesema ni hewa ile tu ilikuwa kichwani mwake na kichwani mwa Respicius. Lakini mimi nilisimama chini ya ngazi zile, kichwa changu kizima, hewa safi imejaa, nikatazama kidato cha mwisho muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima. Ningependa sana kusikia kanga ikikazwa.

Koku sasa yuko kwa Bi Zuhura, yaani kwa mjukuu wake Bi Zuhura, na kichwa hakimuumi. Nimempeleka kwa mama yake Kishanda tukamweleza Ma Yustina ukweli wote, moyo wa mwanawe ulikuwa mzima. Aliinuka, akaenda kupalilia ule mulamula. Respicius amelifunika tena tundu lile au hajalifunika, sijui. Ndiyo maana naandika jina lake.

Ninyi mnaoanza kushika funguo, sikatazi mtu asiwasalimu wenye nyumba. Wapo wanaostahili, na nyumba nyingi za likizo zina watu wasiolipiwa kitanda. Editruda alikuwa na adabu kuliko sisi sote. Alikosea mpangilio tu. Ukiingia, fungua dirisha kwanza. Tafuta tundu, weka kiganja chako pale mpaka uhisi upepo. Ndipo uiname, useme waitu, tumekuja. Marehemu atasubiri.